Mgongoni kwa Mkwe

Kwetu mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni. Hali naye sahani moja, haketi kwenye kiti alichoinukia yeye, na wakikutana njiani mmoja lazima achepuke hata kama pembeni ni tope la mpunga. Wageni wakisikia hivyo hudhani tunachukiana. Hatuchukiani. Ni heshima tu, na ukishaizoea huioni kama mzigo. Mume wa binti yangu tangu aoe tumeishi vizuri sana bila kuambiana sentensi nzima. Akija Bariadi kunisalimia anakaa kule kwenye uzio, uso kaupeleka barabarani, anasema kwa Kisukuma chetu, "Mwadila, mayu," yaani habari za mchana, mama, nami naitikia kutoka ndani. Yanayobaki anayabeba binti yangu, anapeleka na kurudisha.

Tatizo ni kwamba mkwe huyu, mzaliwa wa Ngulyati, mtoto wa watu wa ng'ombe na pamba, alikwenda Moshi kutafuta maisha akaishia kuwa kiongozi wa wapanda mlima. Na mimi, uzeeni, nikaingiwa na wazimu wa kupanda Kilimanjaro.

Nilifundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi. Mlima ule nimeuchora ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Msitu huku, nyasi huku, mawe, halafu barafu kwa chaki nyeupe. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kama kule juu nimefika. Nikamwambia aketi chini aandike. Lakini swali halikuketi. Nilipostaafu nikasema nitakwenda sasa hivi, magoti yangali yananisikiliza.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Unakwenda kutafuta nini kule juu? Kuna ng'ombe wetu amepotelea huko?" Nikamjibu kwamba ng'ombe akipotea nitamtuma yeye. Tunataniana hivyo, lakini nilijua hakufurahi.

Nilifanya mazoezi kwenye vilima vya mawe vya upande wa Ngulyati. Napanda, nashuka, nimevaa viatu vizito vya mwanangu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu anatafuta mizizi ya dawa, na mama mmoja akanifuata kuniuliza kama ninayo ya mgongo. Nilikuwa na mwenzangu, mwalimu mstaafu kama mimi, mzaliwa wa Lamadi, mwanamke wa maneno ambaye siku hizi anauza dagaa na sato. Yeye aliamua kwenda kwa sababu tu nilimwambia hawezi.

Binti yangu alikubali kwa sharti moja, kwamba tupande na kikosi cha mumewe. "Nani mwingine nitakayemkabidhi mama yangu?" alisema. Nikamuuliza, na heshima tunaiweka wapi? Akampigia mumewe simu, akarudi na jibu: "Anasema mlimani hakuna mkwe wala mama mkwe. Kuna kiongozi na mgeni wake." Jibu lile halikunipendeza. Mtu hawi mgeni kwa mkwewe kwa sababu amevaa koti zito.

Basi tukaenda. Langoni Marangu mkwe wangu alinisalimu kwa adabu zake zote, macho kwenye viatu vyangu, kisha akapanga msafara. Yeye mbele, mimi na rafiki yangu nyuma yake, na mwisho kiongozi msaidizi, kijana wa Kichaga mwenye tabasamu. Wagumu, yaani vijana wanaobeba mizigo, walishatutangulia na magunia vichwani, wanaimba. Siku ya kwanza yote niliona kisogo cha mkwe wangu na begi lake la buluu. Hakugeuka hata mara moja. Alikuwa akisikiliza hatua zetu, na rafiki yangu akianza kuhema, mwendo unapungua wenyewe. Nikajisemea, huyu kijana amelelewa.

Msitu ule ni mzuri, sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Unapita chini ya miti iliyovaa manyoya ya kijani, maji yanaongea pembeni, na kwa mtu aliyetoka kwetu, ambako mvua tunaiomba kwa magoti, unaona kama kuna watu waliopendelewa. Nilikuwa na michembe mfukoni, viazi vyetu vilivyokaushwa, nikawa natafuna taratibu kama mbuzi. Nilifurahi sana siku zile. Nilikuwa natembea ndani ya mchoro wangu.

Shida ilianza jioni, tulipofika kwenye vibanda vya kulala. Kule mlimani kila jioni kiongozi lazima amchunguze mgeni. Wanakubana kidole kwa kidude kinachosoma hewa ndani ya damu, kisha maswali yanafuata. Kichwa kinauma? Umekula? Umetapika? Haja ndogo ina rangi gani? Haja kubwa umepata? Nilipoyasikia maswali yale nilitamani ardhi ipasuke.

Mkwe wangu naye alijua. Alisimama nje ya mlango, katupa mgongo, akasema, "Mwalimu, naomba umuulize mama kama kichwa kinauma." Rafiki yangu, aliyekuwa ameketi goti kwa goti na mimi, akanigeukia. "Anauliza kichwa kinauma?"

"Mwambie hakiumi."

"Anasema hakiumi."

"Muulize kama amepata choo."

Hapo rafiki yangu alisafisha koo kama mtu anayesoma tangazo kanisani. "Anauliza, umekwenda chooni? Na mkojo una rangi gani?" Kibanda kizima kilisikia. Heri waliokuwemo ni Wazungu, wakadhani tunasali. Nilimfinya paja, naye akamjibu mkwe wangu kwa niaba yangu, kwa ufasaha ambao sikumwomba. Tulipolala alicheka mpaka kitanda kikatikisika.

Lakini njia ile ilifanya kazi. Rafiki yangu alikuwa mdomo wangu na macho ya mkwe wangu. Alinitazama usoni kwa niaba yake, akasema midomo yangu iko sawa, nimekula, nimelala. Mambo ya mwili wangu yalipita kwa mwanamke mwenzangu kabla hayajafika mlangoni, na yalipofika yalikuwa yameshavikwa nguo. Kama angefika nami juu, nisingekuwa na la kusimulia.

Hakufika. Tulipotua Horombo, kwenye vibanda vya pili, goti lake lilikuwa limevimba kama papai. Alilia, si kwa maumivu, alilia kwa sababu alijua nitamtania maisha yangu yote. Ikaamuliwa abaki pale apumzike, sisi tukielekea Kibo, kibanda cha mwisho kabla ya kilele. Aliniaga kwa kunishika masikio. "Wewe mwanamke," alisema, "sasa utasema na nani?"

Nilimwambia nina mdomo wangu mwenyewe. Maneno ya kijinga hayo.

Asubuhi ile niliamka kichwa kinagonga kama kinu. Jioni iliyotangulia kidude kilikuwa kimesema niko salama, kwa hiyo nilijiambia ni usingizi mbaya. Kisha tumbo likachafuka, nikaenda chooni zaidi ya mara moja, na sitaeleza zaidi. Kiongozi msaidizi alikuja na tabasamu lake, akauliza maswali yale yale.

Sasa mnielewe. Yule kijana nilikuwa nampenda, ana adabu, na kwangu si mkwe wala si ndugu. Ningeweza kumwambia. Lakini nilijua analobeba linakwenda wapi. Lingetoka kinywani mwangu bichi, likapelekwa hatua kumi mpaka kwa mume wa mwanangu, kwamba mama mkwe wake anaharisha. Halafu yule mume arudi nyumbani, akae kule kwenye uzio, aniamkie, na mimi nijue anachokijua. Haki ya Mungu niliona afadhali kufa. Na nisiwadanganye, kilele nacho nilikitaka. Kilikuwa pale mbele, cheupe, safi, karibu kuguswa.

"Sijambo kabisa," nikamwambia. Uji wangu niliwamwagia kunguru nyuma ya kibanda, wakanishukuru kwa kelele.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo nimeifundisha darasani, nimewachapa watoto walioikosea.

Juu ya Horombo nyasi zinaisha. Unaingia uwanda mpana wa mchanga na mawe, hakuna mti, hakuna kichaka, upepo tu. Kule mbele kilele cha Kibo, ubavuni kile kidogo cha Mawenzi chenye meno mabovu. Njia unaiona yote mpaka mwisho, na ndiyo inayokatisha tamaa, maana unatembea na haipungui. Mkwe wangu mbele, kisogo na begi la buluu. Msaidizi alikuwa ametangulia na wagumu kuandaa Kibo. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na kati yetu hatua kama za heshima.

Nilianza kuona begi lile likiwa mawili. Nikasema ni upepo. Miguu ikawa inakwenda inakotaka, nikajikuta nje ya njia, nikarudi, nikajikuta nje upande wa pili. Mtu yeyote aliyenitazama angejua. Lakini aliyekuwa nami hakuruhusiwa kunitazama, na mimi niliyekuwa naumwa sikuruhusiwa kumwambia. Heshima ilimfumba yeye macho, mimi ikanifumba mdomo. Tukaenda hivyo hivyo, watu wawili wenye adabu sana, kuelekea mahali ambapo ningekufa.

Alinijua kwa sikio. Binti yangu aliniambia baadaye kwamba mumewe alisikia hatua zangu zinakuja mbili za haraka, moja ya kuburuta, akahesabu moyoni, akapigana na nafsi yake kwa muda. Kisha akasikia natapika.

Aligeuka.

Tangu amwoe mwanangu nilikuwa sijawahi kuyaona macho yake. Ni mekundu kidogo, ya mtu wa jua na vumbi, na yalikuwa na hofu. Alitembea mpaka mbele yangu, akachutama nilipokuwa nimepiga magoti, akanishika kidevu kwa mkono wake akakiinua. "Mayu," alisema, "nitazame."

Nikageuza uso upande. Hata katika hali ile, niligeuza uso.

"Mama, nitazame. Kichwa kinauma tangu lini?"

"Mwambie..." nikaanza, nikatafuta wa kumtuma. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mawe.

"Niambie mimi," alisema.

Nikamwambia. Yote, la kichwa, la tumbo, la uji na kunguru. Nilikuwa nalia kwa aibu, ulimi mzito kama wa mlevi. Alisikiliza, macho hayakutoka usoni kwangu, na wala hakuonekana kuona aibu. Alionekana kama mtu anayesoma kitu na anachokisoma hakimpendezi.

"Tunashuka," alisema.

Hapo hasira zangu zikanirudia. Nilimwambia Kibo ile pale. Nilimwambia nimetoka Bariadi, nimefanya mazoezi mwaka mzima, watu wamenicheka, na sikuja kugeukia mlangoni. Nilimwambia kama ni tumbo, limeshatoka lote. Nilimwambia mimi ni mkubwa wake na sishushwi na mtoto. Sijui kama maneno yalitoka hivi ninavyoyaandika. Nadhani yalitoka nusu nusu.

Alinisubiri nimalize. Kisha akasema polepole, "Mama, kuna mgeni mmoja aliniomba hivyo hivyo, mahali hapa hapa, nikamsikiliza. Usinitake nikueleze habari zake."

Akaniambia nisimame nitembee mstari mmoja, kisigino kugusa vidole. Hatua ya pili nilikuwa chini.

Aliita kwa simu ya upepo, ile redio wanayobeba kiunoni. Wagumu wawili waliokuwa wakitufuata na mizigo kutoka Horombo walifika wakikimbia. Kule Horombo kuna machela ya gurudumu, ya kushushia wagonjwa. Mmoja akatua mzigo akakimbilia huko. Wa pili alikuwa jitu la mtu, shingo nene, akachutama mbele yangu akasema, "Mama, panda hapa."

Mkwe wangu akamwondoa kwa mkono. Alifungua begi lake, akalimwaga mchangani bila kuangalia kilichodondoka. Akaniuliza kitenge changu kiko wapi. Nilikuwa nimekifunga kiunoni juu ya suruali, maana suruali tupu mbele ya mkwe sikuiweza. Alikifungua yeye, akanigeuzia mgongo, akachuchumaa, yule mgumu akanilaza juu yake, kitenge kikapita chini ya makalio yangu kikafungwa kifuani kwake. Kama mtoto. Mimi, mama wa mkewe, mwalimu mstaafu, nilibebwa kwa mbeleko.

Nikasema, "Jamani, aibu hii."

"Pole, mama," alisema, na akaanza kushuka.

Hakuimba, hakuongea. Nilisikia moyo wake kupitia koti. Nilitapika tena, ikamwingia shingoni, hakusimama. Yule jitu alitembea pembeni akimwomba wapokezane, "Kaka, nipe mimi, kaka, utaanguka," naye anajibu neno moja tu, bado. Palipo na mawe makubwa aligeuka ubavu, akishika mwamba kwa mkono, mwingine umeshika miguu yangu. Wakati fulani nilimwita kwa jina la mume wangu. Hakunisahihisha.

Machela ilitukuta mahali penye maji ya mwisho, pale vichaka vinapoanzia tena. Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kuwa chepesi. Ndivyo ugonjwa ule ulivyo, ukishuka nao unachoka kukufuata. Tulipoingia Horombo rafiki yangu alitoka akichechemea, akaona tapishi kwenye shingo ya mkwe wangu na kitenge changu kifuani kwake, akajifunika uso kwa khanga. Mara moja hiyo tu alikosa la kusema.

Alilipata Bariadi. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anamsifu kijana, kwenye meza yake ya samaki, kwa kila aliyenunua. Lakini sifa hiyo ilipofika kwa shemeji yangu ilikuwa ni habari nyingine. Kwamba mkwe amemshika mama mkwe, amemfungua kitenge, amembeba mchana kweupe mbele ya wanaume. Katika ukoo wetu jambo kama hilo halipiti hivi hivi. Mkwe hutoa mnyama, huomba radhi, maneno yanasemwa, ndipo anaruhusiwa tena kukanyaga ua. Bila hivyo mlango unafungwa, na binti yangu naye atakuwa amefungiwa nje pamoja na mumewe.

Kijana alikuja bila kubishana. Alisafiri kutoka Moshi na mke wake, akapitia mnadani, akanunua mbuzi dume. Nilimwona kupitia pazia, kwa kuwa kwenye kikao cha namna hii mama mkwe hukaa ndani. Alikaa chini kule kwenye uzio, kichwa kimeinama, mbuzi kamfunga pembeni. Shemeji yangu alikuwa kwenye kiti katikati ya ua. Binti yangu alisimama kati yao, amekunja mikono, na nilimjua mwanangu, alikuwa amebakiza kidogo apasuke.

"Ni kweli ulimbeba?" shemeji aliuliza.

"Kweli, baba."

"Ukamfunga na nguo yake?"

"Nilimfunga."

"Hapakuwa na mtu mwingine wa kumbeba?"

Niliomba Mungu kijana adanganye. Angesema hapakuwa na mtu, jambo lingekuwa jepesi, kila mtu angekula nyama.

"Alikuwepo," alisema. "Ana nguvu kuliko mimi."

"Sasa kwa nini wewe?"

"Yule anabeba mizigo, baba. Mzigo ukikuelemea unautua, unapumzika. Niliogopa atamtua. Nilikuwa nimeshakosa kumtazama siku nzima. Niliogopa kumpa mtu."

Shemeji si mtu mbaya. Alitikisa kichwa, akapangusa paji la uso, akaanza kusema kwamba anaelewa, ila kosa ni kosa, na aliyemshika mwenzake ndiye anayeomba radhi. Kijana akapiga magoti.

Nikafungua mlango.

Sikupanga. Nilitoka na khanga ya ndani, bila viatu, nikavuka ua mpaka katikati, na mkwe wangu alipoona miguu yangu alijikunja uso usikutane na wangu. Shemeji akasema, "Shemeji, rudi ndani, tunakumalizia jambo lako."

"Hujaniuliza mimi," nikasema.

"Wewe ndiye uliyeshikwa. Nikuulize nini?"

"Niulize nani alimshika nani." Sauti yangu ya darasani ilikuwa imekwenda sijui wapi. "Yeye alinifunga mgongoni kwake kwa kitenge tu. Mikono aliniachia. Ningeweza kuikunja kifuani kwangu kwa adabu, kama mtu na mkwewe. Nilimkumbatia shingo. Njia nzima. Machela ilipofika aliniambia niachie, sikuachia, ikabidi wale vijana wanibandue vidole kimoja kimoja. Kwa hiyo kama anayeshika ndiye anayetoa mbuzi, shemeji, zizi langu liko wazi, ingia uchague. Sikumshika kwa kukosa adabu. Nilikuwa nataka kuishi."

Binti yangu alikuwa analia sasa. Shemeji yangu aliangalia ardhi, kisha akamwambia alete maji ya kunawa, mumewe aingie ale.